Pentateuko, Torati na "Torati Pungufu": Uhakiki wa orodha ya istilahi inayotumika Arua na Koboko

Wanafunzi wetu wanaokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Arua na Koboko wamekuwa wakirudi na orodha ya istilahi yenye kurasa mbili, iliyopigwa fotokopi mara nyingi hata herufi za pembeni zimeanza kufifia. Haina jina la mtungaji wala mwaka. Inatoa Kiswahili cha majina ambayo wataalamu wa Maandiko ya Kiebrania huyatumia kwa makundi ya vitabu vya mwanzo: Pentateuko, Heksateuko, Tetrateuko, Eneateuko na mengineyo. Kwa kuwa wengi wa wanafunzi hao huchukua Kiswahili pamoja na somo la dini, la Kikristo au la Kiislamu, na zoezi la tafsiri huwataka walete matini kutoka somo lao la pili, orodha hii imeingia katika maandalio ya masomo na katika majaribio ya darasani. Mwanafunzi hupata au hukosa alama kwa sababu yake. Tumeona vema kuihakiki hapa, mbele ya wasomaji wetu.

Kwanza tumpongeze mtungaji. Ameingia mahali ambapo sisi wa vyuoni hatukuwa tumetia mguu. Kamusi za istilahi tulizonazo zimejali isimu, fasihi, biolojia, fizikia na kemia. Taaluma ya dini, kwa maana ya uchunguzi wa kitaalamu wa maandiko, imeachiwa makanisa na madrasa, ambayo yana haja zao nyingine. Aliyeketi Arua au Koboko akajaribu kusema jambo hili kwa Kiswahili alifanya kazi ya idara nzima. Tunamkosoa kwa heshima hiyo.

Msomaji wa mbali huenda akauliza kwa nini istilahi hizi zihitajike kwa Kiswahili huko West Nile, ambako watu huongea Kilugbara na Kikakwa nyumbani. Kiswahili huko ni lugha ya zamani kuliko inavyodhaniwa, ingawa sifa yake ilikuwa ya kambi za askari, polisi, magereza na soko. Idi Amin, mtu wa Kakwa, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Basi lugha iliyozoeleka kwa amri na bei sasa inatakiwa ibebe hoja. Hapo ndipo orodha yetu inapoingia. Zaidi ya hayo, Koboko iko karibu na mipaka miwili, ya Kongo na ya Sudan Kusini, na darasani mwake Waislamu na Wakristo huketi dawati moja. Neno la dini likitamkwa hapo husikika kwa masikio mawili.

Orodha inaanza hivi: Pentateuko ni Torati. Kwa haraka haraka hakuna ubaya. Vitabu ni vilevile vitano, Mwanzo, Kutoka, Mambo ya Walawi, Hesabu na Kumbukumbu la Torati, na hapa Mkatoliki na Mprotestanti hawatofautiani hata kitabu kimoja. Lakini maneno haya mawili hayafanyi kazi moja. Pentateuko ni neno la Kiyunani lililoundwa kwa tarakimu tano na neno teukhos, ambalo asili yake ni chombo, kisha likawa chombo cha kuwekea magombo, hatimaye gombo lenyewe. Waandishi wa Kikristo walikuwa wakilitumia kufikia karne ya 2 na ya 3. Halisemi nani aliandika, halisemi maandiko hayo yana mamlaka gani. Linahesabu tu.

Torati halihesabu. Asili yake ni Kiebrania, ambako maana yake ni mafundisho au maelekezo, nalo lilitufikia kwa njia ya Kiarabu. Katika Uganda hii yetu lina wasikilizaji watatu. Kwa Mkristo wa Arua anayesoma Biblia ya Muungano, ile ya mwaka 1952, Torati ni vitabu vitano vya kwanza, na mara nyingine ni amri tu zilizomo. Kwa Mwislamu wa Koboko, Taurati ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Musa, kimoja, kwa wahyi. Si mkusanyo wa vitabu vitano wenye masimulizi, nasaba na habari ya kifo cha Musa mwenyewe. Na kwa Abayudaya wa upande wa Mbale, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, Torati ni gombo linalosomwa katika sinagogi, na pia ni jina la mafundisho yote yanayotokana nalo. Kila mmoja ana haki na neno lake. Mwalimu anayeandika ubaoni kwamba Pentateuko ni Torati amewaambia watatu hao mambo matatu, na huenda asijue.

Wafasiri wa Biblia waliliona tatizo hili kabla yetu, kila mmoja akalitatua kwa namna yake. Muungano ulishika Torati. Karl Roehl, aliyemaliza tafsiri yake mwaka 1937 akitaka kupunguza maneno ya asili ya Kiarabu, aliandika Maonyo; na manabii akawaita wafumbuaji. Habari Njema, iliyotoka katikati ya miaka ya 1990, ilichukua Sheria, hata kitabu cha tano kikaitwa Kumbukumbu la Sheria. Kwa maoni yetu Roehl aliisogelea maana ya Kiebrania kuliko wengi wanavyomkubalia, kwa kuwa kuonya katika Kiswahili cha zamani kulikuwa pia kufunza; bahati mbaya ni kwamba leo mtumishi akipewa maonyo anafikiri juu ya kufukuzwa kazi. Sheria nalo linabana mno. Sehemu kubwa ya Mwanzo haina sheria hata moja, ina watu wanaohama, wanaooa, wanaogombania visima. Pamoja na kasoro zake, Torati ndilo jina bora la kitabu kitakatifu. Hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu ni kulipachika mahali pa Pentateuko, ambalo si jina la ibada.

Katika safu ya pili orodha inaongeza: "au Vitabu Vitano vya Musa." Hili ni jina la heshima na la kale, Yosefo, mwanahistoria Myahudi, aliandika juu ya vitabu vitano vya Musa mwishoni mwa karne ya 1. Mwumini akilitumia hatumkatazi. Lakini taaluma inayofundishwa chini ya istilahi hii inauliza swali hilohilo: nani aliandika, lini, kwa kutumia vyanzo gani? Ibn Ezra wa Hispania aliligusa kwa mafumbo katika karne ya 12, Spinoza akalisema waziwazi mwaka 1670, na tangu karne ya 19 ndilo swali kuu la uwanja huu. Istilahi ikishataja mwandishi, swali limejibiwa kabla halijaulizwa.

Na kosa hilo dogo likazaa kubwa zaidi. Orodha inasema: Heksateuko ni "Vitabu Sita vya Musa." Tumekuta sentensi hiyo imenakiliwa neno kwa neno katika daftari zaidi ya moja. Kitabu cha sita ni Yoshua, na kitabu cha Yoshua kinaanza baada ya Musa kufa. Hakuna Myahudi, Mkristo wala mtaalamu aliyewahi kumpa Musa kitabu cha Yoshua. Mtungaji hakukusudia kusema hivyo, aliunda jina la sita kwa kufuata jina la tano, kama mtoto anayesema "vitabu visita" kwa kuwa amefundishwa "vitabu vitano."

Tusimame kidogo kwenye Heksateuko, maana hapa ndipo kila kitu kinapoeleweka. Kwa nini mtu aongeze kitabu cha sita? Julius Wellhausen, katika makala zake za miaka ya 1876 na 1877 juu ya utungaji wa Heksateuko, alikuwa akifuata vyanzo alivyoviona vikivuka kutoka Hesabu na Kumbukumbu hadi ndani ya Yoshua. Gerhard von Rad, mwaka 1938, alitazama zaidi umbo la masimulizi: Ibrahimu anaahidiwa nchi katika Mwanzo, na nchi haipatikani mpaka Yoshua. Ukiifunga hadithi mwisho wa Kumbukumbu, watu wako ng'ambo ya Yordani, wanaitazama tu. Ukiifunga mwisho wa Yoshua, wameingia. Kwa hiyo anayesema Heksateuko anatoa hoja kwamba hadithi haijakwisha mpaka watu wafike. Wako wengi huko Arua na Koboko waliokimbilia Sudan na Zaire baada ya mwaka 1979 na kukaa huko miaka, na wako waliokimbilia kwao kutoka Sudan Kusini. Darasa lao halihitaji maelezo marefu kuhusu tofauti ya kuiona nchi na kuingia.

Tetrateuko ni hoja ya kinyume. Martin Noth, katika kitabu chake cha mwaka 1943, alishikilia kwamba Kumbukumbu la Torati si mwisho wa kazi ya kwanza bali ni utangulizi wa kazi nyingine, yaani historia ndefu inayopita Yoshua, Waamuzi, Samweli na Wafalme hadi watu kupelekwa uhamishoni. Kikiondolewa Kumbukumbu, hubaki vinne: Mwanzo hadi Hesabu. Hivyo Noth naye anazungumzia mahali pa kukata. Tangu hapo wataalamu wameendelea kubishana, na wapo leo wanaokataa yote mawili. Lakini kila mbishi huonyesha kidole mahali pale pale, penye mpaka wa kitabu na kitabu.

Orodha inaliitaje Tetrateuko? "Torati Pungufu."

Tunaelewa lilivyotokea. Torati ni tano, hizi ni nne, basi imepungua. Lakini hebu mwalimu kijana aliandike neno hilo ubaoni Koboko. Katika mafundisho ya Kiislamu wako wanazuoni wasemao kwamba maandiko waliyobaki nayo watu wa Kitabu si yale yaliyoteremshwa, yaligeuzwa. Mwanafunzi Mwislamu akisoma "Torati Pungufu" ataona shule imeithibitisha itikadi hiyo. Mwanafunzi Mkristo ataona shule imekitukana kitabu chake. Wote wawili watakuwa wamesoma Kiswahili sawasawa. Pungufu maana yake ni pungufu. Noth hakusema neno lolote kuhusu upungufu wa andiko takatifu. Alisema kwamba mkono mmoja wa uandishi unaishia Hesabu na mwingine unaanzia Kumbukumbu. Istilahi imegeuza hoja ya uhariri kuwa shutuma ya imani, na mwenye kulaumiwa nyumbani atakuwa mwalimu. Katika orodha nzima hili ndilo neno ambalo tungependa lifutwe leo kabla ya kesho.

Eneateuko limetafsiriwa "Vitabu Tisa," nasi tunalikubali kwa sharti. Mwanafunzi atachukua Biblia ya Kiswahili, ahesabu kutoka Mwanzo hadi 2 Wafalme, apate kumi na viwili. Ataona mwalimu amekosea, au mbaya zaidi, ataona yeye ndiye mjinga. Hesabu ya tisa ni ya Kiebrania: Samweli ni kitabu kimoja, Wafalme kimoja, na Ruthu hayumo kwa sababu katika mpangilio wa Wayahudi amewekwa mbali, katika sehemu ya tatu iitwayo Maandiko. Biblia zetu zinafuata mpangilio uliotokana na Kiyunani, unaomweka Ruthu baada ya Waamuzi. Istilahi bila maelezo haya ni mtego. Na kuna namna nyingine ya kuhesabu iliyo karibu nasi zaidi kuliko Ujerumani: Wakristo wa Ethiopia huita Orit kundi la vitabu vinane, Mwanzo hadi Ruthu, kile ambacho Wayunani waliita Oktateuko. Orodha haikuitaja Orit kabisa. Tungependa iongezwe, kwa sababu inaonyesha kwamba kuvipanga vitabu kwa njia tofauti si uzushi wa maprofesa wa karne ya 19; makanisa ya Afrika yamefanya hivyo kwa karne nyingi na hayakuona haya.

Sasa tuje kwenye mapendekezo, maana mhakiki anayebomoa tu hujichosha bure. Wenzetu wawili watatu tuliozungumza nao wamependekeza gombo: Magombo Matano, Magombo Sita, na kuendelea. Neno ni zuri, Biblia ya Muungano inalo, tena linalingana na teukhos vizuri ajabu. Tulikaribia kulikubali. Shida ni kwamba Magombo Matano tayari ni jina la kundi lingine. Wayahudi huita hivyo Wimbo Ulio Bora, Ruthu, Maombolezo, Mhubiri na Esta, vitabu vinavyosomwa katika sikukuu na siku za kumbukumbu. Tukiwapa wanafunzi jina hilo kwa Pentateuko, siku wakikutana na lile jingine watachanganyikiwa, na Ruthu atazidi kutangatanga. Isitoshe, gombo la Torati la sinagogi ni moja, vyote vitano vimeshonwa pamoja.

Wengine wametaja juzuu. Wachapishaji wetu hulitumia kwa kitabu kilichogawanywa, na Koboko kila mtoto wa madrasa analijua. Hapo hapo ndipo udhaifu wake. Juzuu za Kurani ni 30, zimegawanywa kwa kulingana ili kurahisisha usomaji. Haziishi mahali ambapo habari inaishia. Pentateuko haikugawanywa kwa ulinganifu wa namna hiyo. Na kuhusu chuo, ambalo lilikuwa neno la kitabu katika Kiswahili cha kale, tuseme tu kwamba "vyuo vitano" leo vitamfanya mwanafunzi wa Arua aulize ada.

Pendekezo letu ni la kawaida, wala halina urembo. Utohozi ubaki: Pentateuko, Heksateuko, Tetrateuko, Eneateuko. Ni majina ambayo mwanafunzi atayakuta katika kila lugha ya taaluma hii, na hayamdhuru mtu. Lakini utohozi peke yake ni bubu kwa asiyejua Kiyunani, kwa hiyo kila mara ufuatwe na mipaka yake kwa majina ya vitabu: Pentateuko, yaani Mwanzo hadi Kumbukumbu, Tetrateuko, yaani Mwanzo hadi Hesabu, Heksateuko, yaani Mwanzo hadi Yoshua, Eneateuko, yaani Mwanzo hadi Wafalme, bila Ruthu. Kwa njia hiyo mwanafunzi anaona papo hapo wabishi wanabishania nini, nacho ni mahali pa kukata. Torati na Taurati yabaki kwa wenyewe, yakitajwa kama majina ambayo jumuiya za dini huyatumia, na mwalimu aseme ni jumuiya ipi. "Vya Musa" iandikwe pale tu tunapoeleza mapokeo.

Mwalimu wa lugha atafaidika na jambo moja la ziada. Kilugbara hakina ngeli, na wanafunzi wake hupata taabu na upatanisho wa namba. Makundi haya ni zoezi tayari: vitabu vinne, vitabu vitano, vitabu vinane, lakini vitabu sita na vitabu tisa, kwa kuwa sita na tisa ni za mkopo wa Kiarabu na hazichukui kiambishi. Tetrateuko, Pentateuko na Oktateuko upande mmoja. Heksateuko na Eneateuko upande wa pili. Ni nadra somo la dini kumsaidia mwalimu wa sarufi kwa kiasi hicho.

Neno moja limetushinda. Ile historia ndefu ya Noth, kutoka Kumbukumbu hadi Wafalme, orodha inaiita "Historia ya Kideuteronomi." Hakuna kitabu kiitwacho Deuteronomi katika Biblia ya Kiswahili inayosomwa darasani, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kuunganisha. Tukisema "Historia ya Kikumbukumbu" atafikiri ni historia inayotegemea kumbukumbu za wazee, jambo ambalo katika West Nile ni taaluma nyingine yenye heshima yake. Hata jina la kitabu lina utata wake wa kisarufi: tunasema kumbukumbu ya, kumbukumbu za, lakini jalada linasema kumbukumbu la. Kwa sasa wanafunzi wetu tumewaambia waandike kwa urefu, "historia inayofuata mtazamo wa Kumbukumbu la Torati," na wasahihishaji wasiwakate alama kwa urefu huo. Aliye na neno fupi zaidi atuletee kabla ya kipindi kijacho cha mazoezi ya kufundisha, kwa sababu orodha mpya itapigwa fotokopi wakati huo, nasi tungependa safari hii iwe na jina la mtungaji na mwaka.